Mkato wa Liyombo

Kama lilikuwapo jambo ambalo Dafroza Ndimbo alikuwa amelichoka kuliko mengine yote, ni kubembeleza. Alibembeleza watu tangu ujana wake: wakulima, madiwani, mapadre, wauza dawa za wadudu waliomwona kama mtu aliyetumwa kuwafungia maduka. Alikalia vigoda vya jikoni karibu kila kijiji cha Umatengo, akinywa uji hata akiwa ameshiba, akirudia maneno yale yale mpaka yakamkaukia mdomoni: weka chini bomba lako la dawa, zika uzi huu shambani, ungana na jirani yako. Sasa Ungano, mradi huo wa kufunga mashamba kwa uzi, lilikuwa limeenea nchi nzima, kutoka milima hii ya Mbinga hadi mashamba ya pamba kule kanda ya ziwa, naye akajiambia kwamba siku za kubembeleza zimekwisha. Asubuhi hiyo, gari likipanda kwa kwikwi kuelekea shingo ya mlima wa Liyombo, alijua kwamba alijidanganya.

"Mama, utamwambiaje?" aliuliza Otmari Komba, fundi wa uzi, ambaye pia ndiye aliyekuwa akiendesha.

"Nitamwambia ukweli."

"Ukweli upi? Maana upo mwingi."

Nyuma yao mapipa mawili yalikuwa yakigongana kila gari lilipoingia shimoni. Ndani yake mlikuwa na dawa ya buluu ambayo watu waliipa jina la mrututu, kwa kufananisha na ile ya zamani ya kupulizia kahawa, ingawa hii ya sasa ilikuwa shetani mwingine. Ardhi iliyomwagiwa hii haioti kitu. Anayeimwaga akiwa kijana atazeeka kabla hajaona jani mahali pale.

Uzi wenyewe haukuwa uzi wa kushonea. Ulikuwa kuvu, mweupe na mwembamba kama utando wa buibui, uliozalishwa maabara kutokana na kuvu wa mizizi ya miti ya miombo. Ukiuzika shambani hujifunga kwenye mizizi ya kila mmea, kisha hutafuta mizizi ya shamba la pili, na la tatu, kilima hadi kilima. Shamba lenye rutuba hupeleka chakula kwa shamba lililochoka. Wadudu wakivamia kahawa ya bonde moja, habari hupita kwenye uzi, na kahawa ya bonde linalofuata hugeuza majani yake kuwa machungu kabla mdudu hajafika. Kwa ajili hiyo watu waliacha sumu. Na kwa ajili hiyo kilimo hiki hakikuweza kuwa cha mtu mmoja mmoja, maana mkulima mmoja mwenye bomba la dawa angechana utando wa kijiji kizima. Ilibidi mradi uwe wa kilima na kilima, kata na kata, wilaya na wilaya, mpaka nchi ikasahau harufu ya sumu za madukani.

Lakini mlango unaoingiza mgeni ndio huo huo unaoingiza mwizi. Mwishoni mwa masika yaliyopita, kwenye mashamba ya juu ya Liyombo, uzi ulianza kugeuka mweusi. Uozo ule ulipita mzizi hadi mzizi, ukiacha mimea imesimama lakini haina nguvu. Wakati wa jua ulitambaa polepole. Kwa hesabu za maabara, mvua ikiushika ungekimbia.

Uozo ukivuka shingo ya mlima utaingia mabonde ya chini, na kutoka huko hakuna wa kuuzuia. Ndiyo maana mapipa yalikuwa garini.

*

Shingo ya mlima ilikuwa shamba la Teodora Kapinga. Mtu akisimama katikati ya shamba hilo anaona Liyombo kwa juu upande mmoja, na vijiji vya Mahumbato kwa chini upande wa pili. Nyuzi zote zilizounganisha juu na chini zilipita hapo. Pembeni kote ni majabali matupu.

Walimkuta bibi huyo amepiga magoti kwenye ngoro, yale mashimo ya mraba ambayo Wamatengo huyachimba mteremkoni ili mvua isikokote udongo. Alikuwa akitandaza nyasi kwenye kingo. Hakuinuka.

"Shikamoo, mama," alisema Dafroza.

"Marahaba, mwanangu. Naona umekuja na mapipa."

"Nimekuja nayo."

"Kaa basi. Mwambie na huyo kijana wako akae, asisimame kama anayesubiri maiti itolewe."

Wakakaa ukingoni mwa ngoro. Teodora akapangusa mikono kwenye kanga yake, akamtazama Dafroza kwa muda.

"Umechakaa," alisema.

"Nimechoka, mama."

"Mimi ndiye niliyekuwa mtu wa mwisho kukubali uzi wako milima hii yote. Nilikuwa nikikuona unapanda naingia migombani."

"Najua. Nilikuwa naiona kanga yako."

Teodora akacheka kidogo. "Nilikukatalia kwa sababu gani, unakumbuka?"

"Ulisema shamba likifungwa na la mwenzako, utakula kwa idhini yake na kufa kwa ugonjwa wake."

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema."

"Basi nilikuwa na akili." Aling'oa jani la nyasi, akalitafuna. "Lakini mwaka ule wa viwavi, kila kitu hapa kilikuwa kiishe. Watu wa Liyombo ndio walioliwa kwanza, na kahawa yao ndiyo iliyoionya yangu. Mwaka ule nilikula kwa idhini yao. Siwezi kusema sikula." Akamgeukia. "Haya, sema lililokuleta."

Dafroza akasema. Alieleza kwamba mkato, ule ukanda wa kumwagiwa mrututu ili uzi ufe, lazima upite kwenye shingo, upana wa shamba lote, kutoka jabali hadi jabali. Alieleza kwamba ardhi hiyo haitarudi. Alisema Ungano litampa shamba jingine bondeni. Aliyasema yote bila kupamba, akisikia sauti yake mwenyewe kama ya mtu anayesoma tangazo la msiba wa mtu asiyemjua.

Teodora hakulia wala hakufoka. Aliuliza swali moja tu. "Na wa juu?"

Dafroza alikuwa akiliogopa swali hilo tangu Mbinga. Alichukua fimbo ya kusikilizia, bomba jembamba la chuma lenye kioo kichwani, akaichoma ardhini hadi ikagusa uzi. Kwenye kioo vikajitokeza vistari vya kijani, vikienda upande mmoja tu, mbio, kama siafu waliopata njia.

"Hicho ni nini?"

"Ni chakula, mama. Kinatoka Mahumbato, kinapanda Liyombo. Mashamba yenye afya yanayalisha yaliyougua. Ndiyo maana mahindi yao bado yamesimama."

"Ukikata?"

"Yatanyauka. Siku chache tu."

"Mahindi yenyewe yamefikia wapi?"

Otmari ndiye aliyejibu, maana alipita huko jana yake. "Bado yana maziwa, bibi. Yakipata wiki moja na ushei yataweza kusagwa. Maharage ndiyo yameanza kukausha maganda."

"Na wakiyapoteza watakula nini?"

"Serikali italeta chakula," alisema Dafroza.

"Lini?"

Upepo ukapita kwenye migomba. Dafroza alijua jibu. Alikuwa amefanya kazi na ofisi hizo muda mrefu mno asilijue.

"Shamba chukua," alisema Teodora. "Silikatai, na hilo la bondeni wapeni wengine, mimi ni mzee. Lakini si leo. Waache wavune kwanza."

"Mama, mvua ikitangulia uozo utavuka. Utaingia kwa watu wa Mahumbato, na kwa wengine ambao hata hawalijui jina la Liyombo."

"Sikuambii kwamba ni salama. Nakuambia ninachotaka. Mwenye mapipa ni wewe."

*

Sheria haikumtaka Dafroza aombe ruhusa. Mkurugenzi wa Ungano, Bwana Abedi Mkumbwa, alimkumbusha hilo kwa simu iliyomkuta amekaa peke yake garini, mlango wazi, miguu nje.

"Bi Dafroza, kifungu cha dharura unacho. Kata leo."

"Kaya zaidi ya mia mbili zina mahindi shambani, Bwana Abedi. Nipe mpaka wavune."

"Watu wa hali ya hewa wanasemaje?"

"Wanasema mvua bado. Wiki mbili, pengine zaidi."

"Pengine." Abedi hakuwa mtu mbaya. Waliwahi kulala pamoja kwenye sakafu ya shule moja huko Tunduru, siku gari lilipokwama, wakila mihogo mikavu. "Dada yangu, nisikilize. Uozo ukishuka, watu watarudi madukani kutafuta sumu. Wakishazirudia hawataziacha tena, na wewe unajua. Kila tulichojenga kitakwenda na mfuko mmoja wa mahindi ya Liyombo."

"Si mfuko mmoja."

"Nimesema kwa mfano. Kata leo."

Dafroza alisema amesikia, akazima simu.

Alikaa palepale muda mrefu. Kila alichosema Abedi kilikuwa kweli. Alichosema Teodora nacho kilikuwa kweli, na hizi kweli mbili hazikutaka kukaa kwenye kigoda kimoja. Angekuwa kijana angekasirika, angetafuta mtu wa kumlaumu, na hasira ingemsukuma upande mmoja. Sasa hakuwa na hasira. Alikuwa na mgongo unaouma na kichwa kizito, na ndani ya uchovu huo aliona wazi kwamba hakuna atakayemsaidia kuchagua.

Mchana akaitisha mkutano Mahumbato, uwanja wa ghala la kahawa. Walikuja wengi, maana habari za mapipa zilikuwa zimemtangulia. Aliwaambia habari za chakula kinachopanda. Kisha akawaambia lile ambalo Abedi angemkataza kulisema.

"Nikikata leo, ninyi mko salama na Liyombo watalala njaa. Nikisubiri wavune, huenda wote tukapona. Lakini mvua ikiwahi, mkato utashuka huku kwenu, na kuna mtu kati yenu atakayepoteza shamba lake. Simjui ni nani. Nawaambia mapema, asije mtu kusema hakuambiwa."

Minong'ono ikazagaa. Mtu mmoja alisema kata. Wa pili akasema kata, mama, tuna watoto. Ndipo akasimama Kastori Nchimbi, mwanamume mwenye mabega mapana na maneno machache, ambaye kahawa yake ilikuwa nzuri kuliko zote za upande ule.

"Tulipozika uzi tuliapa kwamba tumeungana," alisema. "Au tulikuwa tumeungana kwa kula tu? Tusikae hapa kubishana. Tupande tukawasaidie kuvuna, iishe upesi, tukate."

Si wote waliokubali. Lakini wengi walipanda.

*

Siku zilizofuata ziliwachosha watu kuliko msimu wowote waliowahi kuuona. Waliingia mashamba ya Liyombo kabla umande haujakauka, wakatoka jua likiwa limekwisha kuzama. Maharage waliyang'oa na mashina yake, wakayafunga mizigo na kuyashusha Mahumbato yakakaukie barazani. Viazi vilichimbwa vikiwa vidogo kama gololi. Mahindi yalisubiriwa, na kusubiri ndiko kulikokuwa kugumu. Wanawake walipasua ganda la hindi moja kila asubuhi, wakaminya punje kwa ukucha. Maziwa bado yalitoka. Kesho yake yakatoka kidogo.

Wenyeji wa Liyombo walivuna kimya. Wengine waliona aibu, kana kwamba uozo ule wameuleta wao. Dafroza alimkuta mama mmoja amekaa kwenye tuta, kitenge kimefunika uso, na alipomuuliza kama anaumwa alijibu, "Siumwi. Nimeiangalia kahawa yangu tu." Kahawa isingeweza kuvunwa. Ilikuwa bado ya kijani, imeshikamana na matawi, na wote walijua kwamba itakufa hivyo.

Dafroza hakubeba mizigo, mgongo ulimkatalia. Kazi yake ilikuwa kupita na fimbo kando ya shingo, akiichoma hapa na pale na kutazama kioo. Kijani kilikuwa kinaendelea kupanda. Lakini kwa chini yake, kutoka upande wa pili, vilikuwa vimeanza kushuka vistari vyeusi, vichache, vikisitasita kama mtu anayeingia nyumba asiyoijua. Simu ya Abedi iliita mara nyingi. Siku ya kwanza alipokea, akasema bado. Baadaye hakupokea.

"Mama," Otmari alimwambia siku moja wakila viazi vya kuchemsha, "wakikufukuza kazi utakwenda wapi?"

"Nitalala."

"Nauliza kweli."

"Nami nakujibu kweli, Otmari. Nitalala."

Siku mahindi yalipoanza kukataa ukucha, watu walishangilia. Waliyakata kwa vikundi, wakiimba, na hata wale waliosema kata siku ya mkutano walionekana wamejitwika magunia. Mchana huo zaidi ya nusu ya mahindi ya Liyombo ilikuwa imeshuka. Dafroza akamwambia Otmari aandae mapipa, kesho watakata.

Mvua ilinyesha mchana uleule.

Haikuja kwa ngurumo. Kwanza yalidondoka matone machache mazito, watu wakatazamana, mtu akacheka kwa woga. Kisha mlima wote ukafunikwa. Dafroza alikuwa shambani kwa Teodora, fimbo mkononi. Aliichoma, akapangusa kioo kwa kiganja. Vile vistari vyeusi havikuwa vinasita tena. Vilikuwa vinakimbia kuteremka, vimeshika njia ile ile iliyokuwa ya chakula.

Akatembea hatua chache chini, akachoma tena. Vyeusi. Akashuka hadi mwisho wa shamba. Vyeusi. Shingo ilikuwa imekwisha kupitwa.

"Shamba langu halina kazi tena, siyo?" Teodora aliuliza nyuma yake, ameloa, kanga imemganda kichwani.

"Halina, mama."

Bibi akamshika Dafroza mkono kumvusha mtaro, kama anavyoshikwa mgonjwa. "Basi shuka. Shuka haraka, usinitazame mimi."

*

Chini ya shingo mlima hupanuka, lakini kuna mahali pamoja tu ambapo majabali hukaribiana tena kabla ya mabonde. Hapo palikuwa na mashamba manne. Kubwa kuliko yote lilikuwa la Kastori Nchimbi.

Alikuwa barazani kwake walipofika na gari. Baraza ilijaa magunia ya mahindi ya Liyombo na watu wa Liyombo wenyewe waliokimbia mvua, wamejibana, wengine wamepakata watoto. Kastori aliyaona mapipa. Akashuka uwanjani bila kofia, mvua ikimpiga usoni.

Dafroza alishuka garini. Maneno yote aliyowahi kuyatumia kwa maisha yake ya kubembeleza yalikuwa yamemwishia.

"Ni hapa," alisema.

Kastori akageuka kutazama kahawa yake. Ilikuwa imesimama kwa safu chini ya kivuli cha migomba, majani yaking'aa kwa maji, matawi yameinama kwa uzito wa tunda. Baba yake ndiye aliyeichimbia ngoro zake. Kule mbele, majirani zake watatu walikuwa wamesimama kwenye malango yao, wanatazama, bado hawajaambiwa.

"Ungekata siku ile uliyokuja na mapipa," aliuliza, "shamba langu lingepona?"

Otmari akatazama pembeni. Dafroza angeweza kusema hajui. Angeweza kusema kwamba maumbile hayana hesabu, kwamba alimwambia mbele ya watu, kwamba yeye mwenyewe Kastori ndiye aliyesema wasubiri. Yote hayo yalikuwa na chembe ya ukweli.

"Lingepona," alisema.

Kastori akatikisa kichwa taratibu, mara kadhaa, kama mtu anayesikia habari ambayo mwili wake ulikwisha kuijua. Alitazama magunia barazani kwake. Alimtazama yule mama wa Liyombo aliyekuwa ameililia kahawa, sasa amekaa juu ya gunia, mikono imefunika mdomo.

"Sikusamehe," alisema. "Sema lolote utakalo, leo sikusamehe. Labda siku nyingine."

"Sijakuomba unisamehe."

"Vema." Alivuta pumzi, akaelekea nyuma ya gari, akashika ukingo wa pipa la kwanza. "Otmari, shika huko. Tuanzie juu penye jabali, maji yasitupite. Na wewe mama, nenda kawaambie hao majirani. Mimi siwezi."

Dafroza akafunga kanga yake vizuri, akaingia mvuani kuelekea lango la kwanza. Nyuma yake alisikia kizibo cha pipa kikifunguka, na ile harufu kali ya chuma ikapanda, harufu ambayo kizazi kizima cha milima ile kilikuwa hakijawahi kuinusa. Mwanamke aliyesimama langoni aliinua kanga kufunika pua.

"Shikamoo, mama," alisema. "Kuna nini?"

"Marahaba," alisema Dafroza, akasimama mbele yake, akaanza kumwambia.